Ndelilio na Vita vya Paa Jeupe

Jongeeni, enyi watu wa Njoro na Rau, nanyi mlioteremka leo kutoka Uru na mikungu yenu ya ndizi, tueni mizigo mketi. Wewe uliyesimama mlangoni, ingia au toka, usinizibie mwanga. Nitawasimulia vita ambavyo havikumwaga damu hata ya kuku, ila vilimwaga chokaa ndoo kwa ndoo. Habari ya Ndelilio mwana wa Dominika, Simba wa Spea za Baiskeli, Mkwea Mabati, aliyepanda juu ya nyumba yake jua la Februari likiwa utosini, akashuka mweupe kuanzia nywele hadi kucha. Nitanena kweli tupu. Nilikuwepo, na ngazi aliyoipanda ni yangu, jambo ambalo naomba vizazi vijavyo visilisahau kama walivyokwisha kulisahau jirani zangu.

Ilikuwa mwaka 1999, katika zama za ruhusa. Wenye umri wangu mnazikumbuka zama zilizotangulia, ambapo mtu akitaka bati aliandika barua, akangoja kibali, akaoa, akapata mtoto, na mtoto akaanza darasa la kwanza kabla bati halijafika. Kisha milango ya biashara ikafunguliwa, na mabati yakamiminika ya kila rangi, buluu, kijani, mekundu, mtu unachagua hadi kichwa kinauma. Ndipo watoto wa mlimani waliochuma kwa maduka na magari wakashuka na kununua Viwanja Vipya vya Njoro, wakajenga kwa kishindo.

Sasa sikilizeni kosa letu, maana bila kosa hili hakuna vita. Sisi watu wa mlimani tukijenga, tunajenga dhidi ya baridi. Kule Uru ukungu huingia hadi jikoni, na dirisha kubwa ni kukaribisha kikohozi. Basi tulipofika Njoro, ambako saa nane mchana hata mbwa hutafuta mfereji, tukajenga vilevile tulivyofundishwa na baba zetu: dari ya chini, madirisha madogo kama ya stoo, na paa la rangi nzito. Tulijikinga na adui tuliyemwacha mlimani, na adui tuliyemkuta tukamfungulia mlango na kumpa kiti. Hakuna aliyejiuliza, hata mimi.

Na juu yetu alitawala Mzee Aristides, mtu wa Kibosho, karani mstaafu, Mwenyekiti wa Kamati ya Viwanja Vipya, Mwenye Koti. Namwita Mwenye Koti kwa sababu mzee huyu alikuwa na koti jeusi la suti ambalo hakuna jicho la binadamu lililowahi kuliona likiwa limevuliwa. Alikwenda nalo sokoni, alikwenda nalo misibani, alimwagilia nalo maua. Februari ilipita juu yake kila mwaka naye akaitazama tu, jasho likimtiririka, vifungo vyote vimefungwa.

Sebuleni kwake ilining'inia kalenda ya Ulaya yenye picha ya kijiji kizuri ajabu, nyumba zote mapaa yake mekundu yaliyoiva, zimezungukwa na theluji. Mzee Aristides aliipenda picha hiyo kama wengine wanavyopenda picha ya harusi yao. Akaiitisha kamati, akasimama chini ya kalenda, akanena kwa sauti ya kuapisha majeshi:

"Ndugu zangu, mji ni sura! Mgeni apitaye barabarani atatujua kwa vichwa vyetu. Kuanzia leo kila paa la Viwanja Vipya litakuwa rangi ya damu ya mzee. Na paa lisilokuwa hivyo, si paa, ni kibanda."

Wakapiga makofi. Nami nilipiga, nisiwafiche. Basi mtaa mzima ukavaa damu ya mzee, ukapendeza mno kwa mtu aliyepo barabarani. Kwa aliyepo ndani, Mungu anajua. Kuanzia saa tano mabati yalianza kulia ta! ta! ta! juu ya dari, na kufika saa nane tulikuwa tumetoka wote, tumekaa kwenye vivuli vya kuta kama wakimbizi wa nyumba zetu wenyewe.

Ndelilio angeweza kuvumilia kama sisi wengine, asingekuwa na mama. Lakini alikuwa na mama, Dominika wa Uru, mjane, mwenye miguu iliyoanza kuvimba, ambaye daktari wa mjini alisema lazima awe karibu aangaliwe. Na Ndelilio alikuwa kitindamimba. Mnajua desturi yetu: kitindamimba ndiye anayebaki na mama. Yeye alishuka mjini kuuza spea, mama akabaki peke yake na migomba yake, na mvua zikianza, barabara ya Uru inateleza hata kwa mwenye miguu mizima. Kwa hiyo aliijenga nyumba ile kwa ajili ya mtu mmoja tu. Chumba cha mbele, chenye kitanda kipana na Rozari imetundikwa ukutani, kilikuwa cha mama.

Mama alikuja mwezi wa kwanza. Alifika asubuhi na sweta lake la kijani, kitenge mabegani, na dumu la mbege, pombe yetu ya ndizi, aliyoipika mwenyewe. Eunike, mke wa Ndelilio, akampokea.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Nyumba yenu nzuri. Mbona imenuna?"

Saa sita alivua kitenge. Saa saba alivua sweta, tendo ambalo watu wa Uru wanasema hakuwa amelifanya hadharani tangu aolewe. Saa nane, mabati yakilia ta! ta! ta!, lile dumu la mbege lililowekwa pembeni likaanza kunguruma. Likavimba. Likanguruma tena. Kisha, bila tangazo la vita, mfuniko ukaruka, ukapiga dari, na mbege ikamnyeshea Mama Dominika kuanzia kilemba.

"Yesu na Maria!" akapaza sauti. Akajifuta uso polepole. Akamtazama mwanawe, akasema neno ambalo lilimchoma Ndelilio kuliko jua lote la Njoro: "Mwanangu, mimi ni mama yako. Mimi si ndizi za mbege, hata univundike."

Akachukua sweta lake, akapanda gari la jioni kurudi Uru, akaapa kwamba chini ya paa lile hatalala hata usiku mmoja. Ndelilio akabaki barabarani hadi vumbi likatulia. Kuanzia siku hiyo mteja akiuliza bei ya tairi, yeye alikuwa anatazama mawingu yaliyoikalia Uru. Alikuwa anaogopa, na alimwambia kila mtu kwamba anaogopa: masika yanakuja, na mama yake yuko peke yake na miguu ile.

Sasa, mashujaa wengine hupata maono milimani. Wetu aliyapata kwenye maandamano ya kanisa. Ndelilio aliimba besi kwenye kwaya ya kigango, na kwaya ilikuwa imeshona majoho mapya. Mnataka kujua rangi? Damu ya mzee. Mwanakamati ndiye aliyechagua kitambaa. Mwanzoni mwa Februari tukatoka na mishumaa kuzunguka mtaa, jua linachoma, na kabla hatujafika kona ya pili besi zilianza kuanguka moja baada ya nyingine, Ndelilio wa kwanza. Alipofumbua macho, amelala majanini, aliwaona watoto wa komunyo ya kwanza wanapita wamevaa nguo nyeupe, wanacheka, wanasukumana, wakavu kabisa. Padri naye, kanzu nyeupe, mkavu.

Eunike alikuwa anampepea kwa kitabu cha nyimbo. Ndelilio akamshika mkono.

"Mke wangu," akasema, "paa letu limevaa joho la kwaya."

Eunike akadhani homa. Lakini mtu yule aliinuka, akaenda moja kwa moja dukani kununua chokaa.

Tazameni sasa shujaa akijivika silaha! Kichwani, kofia ya plastiki ya kuogea, mali ya Eunike. Kiunoni, gunia. Mkono wa kulia ufagio mrefu, mkono wa kushoto ndoo ya chokaa iliyokorogwa na chumvi ili ishike. Ngazi ikaletwa, nimeshasema ya nani. Eunike akaishika chini, akamwombea kwa maneno ya mke:

"Ndelilio, usianguke. Sina nguo nyeusi iliyopigwa pasi."

Akapanda. Alipoweka mguu kwenye bati, bati likamkaribisha kwa moto wake wote, akaruka, akatua kwa mguu mwingine, bati likamkaribisha na huo. Kwa muda mrefu tulidhani anacheza ngoma. Kandambili moja ikashika kwenye bati, akaivua, akaiacha uwanjani kama majeruhi, akasonga mbele. Akachovya ufagio, akauinua, akaushusha: faaa! Mstari mweupe ukakata wekundu wa mtaa mzima. Nasi tuliokuwa chini tukaguna, maana jambo kama hilo halijawahi kuonekana Viwanja Vipya. Akarudi nyuma, akachovya, akapiga tena, huku anaimba besi yake kwa nguvu zote, zaburi ya kuomba rehema. Kunguru wawili waliokaa kwenye ukingo wa paa wakampima, wakaona huyu hana mzaha, wakaondoka.

Alipomaliza mteremko wa mwisho, Eunike akaingia ndani kuchukua maji ya kumpa. Akakawia. Kisha tukasikia sauti yake, ndogo, ya mtu aliye kanisani:

"Ndelilio, hebu njoo. Bati limenyamaza."

Tukaingia wote. Ilikuwa saa nane kasoro, na kweli, juu ya dari hakukuwa na ta hata moja.

Lakini amani haikudumu. Mzee Aristides alikuwa barabarani, pale pale anaposimama mgeni wake wa kufikirika, na koti lake limefungwa hadi juu. Alilitazama paa. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekuta ng'ombe amelala kwenye kitanda chake.

"Ndelilio!" akanguruma. "Ni nani aliyekuroga ukauvika mtaa wangu bandeji? Sisi tulijenga kijiji, wewe umetuwekea jeraha! Nakwambia mbele ya jirani hawa: hadi Jumapili utalikwangua bati hilo kwa brashi ya chuma, ama kamati italikwangua kwa mikono yake."

Ndelilio, mweupe toka kichwani, kofia ya kuogea imepinda, akajibu kwa heshima:

"Shikamoo, Mzee. Kata kichwa changu, lakini paa hili mama yangu atalala chini yake."

"Marahaba. Jumapili," akasema Mzee Aristides, akaenda zake.

Ndelilio hakula usiku ule. Kulipokucha akapanda Uru. Alimkuta mama yake anapalilia migomba, ameegemea jembe kwa sababu ya miguu, akamweleza yote, majoho, chokaa, na Jumapili. Mama Dominika alisikiliza hadi mwisho.

"Umepanda wewe juu ya bati? Wewe uliyekuwa unaogopa mti wa parachichi?"

"Nimepanda, Mae."

"Kwa ajili yangu?"

"Kwa ajili yako."

Akageuka akajishughulisha na jani la mgomba ambalo halikuwa na tatizo lolote. Kisha akaenda hadi kwenye mpaka wa kihamba, shamba la ukoo, kwenye ile mimea ya isale aliyoipanda marehemu mumewe, akakata jani moja, akalifunga fundo.

"Huyo mwenyekiti wako ni Mchagga?"

"Wa Kibosho."

"Basi atalipokea. Na mimi nashuka. Ila nakwambia, nyumba ikiwa bado tanuri, narudi na gari lile lile, na usinifuate tena."

Na hapa, kwa wageni mliopo, nieleze mara moja: mtu wetu akiletewa isale hamfukuzi aliyelileta. Ana haki ya kununa, lakini atasikiliza. Hata karani mstaafu. Hata mwenye koti.

Baraza lilikaa Jumamosi mchana, nyumbani kwa Mzee Aristides, chini ya kalenda. Isale likawekwa mezani. Mzee akaliangalia, akasema, "Nimelipokea. Semeni." Lakini ole wetu tuliokaa pale! Juu yetu damu ya mzee ilikuwa inapiga ta! ta! ta! hadi wasemaji wakalazimika kupaza sauti. Wajumbe walijipepea kwa karatasi za kanuni. Mmoja alilegeza tai, mwingine akavua viatu kimyakimya. Mzee Aristides peke yake hakulegeza kitu, ila uso wake ulikuwa unang'aa.

Ndelilio alijaribu kuhutubia, mabati yakamzidi sauti. Mama Dominika akamwashiria akae.

"Baba," akamwambia mwenyekiti, ingawa alimzidi umri, "ule mlima pale nje, Mungu ameuezeka kwa rangi gani?"

Wajumbe wakaacha kujipepea.

"Mama," akasema Mzee Aristides kwa upole, "ile ni theluji."

"Najua ni theluji, nimeanza kuiona wewe hujazaliwa. Na hizi nyumba zako za ukutani, zimekalia nini?"

Kamati nzima ikageuka kuitazama kalenda. Miaka yote tulikuwa tumeangalia mapaa tu.

"Theluji," akasema mtu mmoja, kwa sauti ya kukiri.

"Basi. Umechukua paa lao, theluji yao ukaiacha. Mwanangu amejitafutia theluji yake kwa ufagio." Akashika mkongojo, akainuka kwa shida. "Mimi humu sikai tena. Anayetaka kutuhukumu anifuate. Kuna mbege kwa Ndelilio."

Enyi wasikilizaji, nimeona watu wakitoka mpirani na nimeona watu wakitoka msibani, lakini sijaona watu wakitoka kwa kasi ile. Mzee Aristides alitoka wa mwisho, kwa hadhi, isale mkononi.

Tukaingia chini ya paa jeupe, na kila aliyevuka kizingiti alisimama kidogo, akainua uso, kama aliyeitwa jina. Hakukuwa na baridi ya mlimani, msije mkasema nimetia chumvi. Kulikuwa na nafuu tu. Madirisha yalikuwa madogo vilevile, dari ya chini vilevile, lakini mtu aliweza kuvuta pumzi na kuimaliza. Mama Dominika akaketi kwenye kiti cha pembeni, akaweka dumu la mbege kando ya mguu wake, akalitazama. Ndelilio akalitazama. Sote tukalitazama, saa nane ikafika, saa nane ikapita. Dumu likanyamaza.

Mbege ikagawiwa. Hoja haikutajwa tena. Mjumbe aliyevua viatu alilala akakoroma. Mzee Aristides alikaa wima, anatazama dari, anasikiliza ule ukimya.

Ndipo Mama Dominika akajikunyata. Akasugua magoti.

"Eunike, mwanangu, una blanketi? Miguu inapata ubaridi."

Eunike akaruka kabatini. Hakukuwa na blanketi! Nyumba ile ilikuwa haijawahi kuhitaji blanketi. Yote walikuwa wameyapeleka Uru. Akatoa kanga, nyepesi mno. Akasimama nayo mkononi, amechanganyikiwa, na macho yetu yote, bila kupanga, yakamwendea mtu mmoja mwenye nguo nzito pale sebuleni.

Mzee Aristides akainuka. Akafungua kifungo cha juu. Akafungua cha kati. Akafungua cha mwisho. Akalivua koti, na mgongoni mwa shati lake tukaona kiraka kikubwa cha kitambaa cha pazia, kimeshonwa kwa mkono wa mtu asiye na mke, na kila mmoja wetu akapata ghafla kitu cha kutazama dirishani. Akapiga goti mbele ya Mama Dominika, akalitandaza koti juu ya miguu yake iliyovimba, akakunja kingo vizuri pande zote.

"Kamati," akasema akiwa bado chini, "italiangalia upya suala la rangi."

Hivyo ndivyo ilivyoanguka Kanuni ya Paa. Mtu akiwauliza ilifutwa lini rasmi, mjibuni: Jumatatu iliyofuata, Mzee Aristides alipokuja kwangu, hana koti, kuazima ngazi. Na masika yalipofika chokaa ikaoshwa karibu yote, Ndelilio akapanda tena, safari hiyo na mapaa mengine mengi yakipandwa kushoto na kulia, na kunguru wakahamia Rau. Hayo yaandikwe.

Lakini mimi nataka niwaache kwenye jioni ile ya Jumamosi. Jua limeinama, gari la Uru limepiga honi barabarani, la mwisho kwa siku hiyo. Ndelilio alisikia honi akasimama, mikono yake bado ina chokaa kwenye kucha, akamtazama mama yake. Honi ikalia tena. Mama Dominika alikuwa amefumba macho, koti la mwenyekiti limemfika kiunoni.

"Ndelilio."

"Naam, Mae."

"Kesho baada ya misa upande Uru ukaniletee sweta langu. Nimrudishie mzee wa watu koti lake."

Gari likaondoka. Simba wa Spea za Baiskeli akakaa sakafuni karibu na miguu ya mama yake, akalia waziwazi mbele ya kamati nzima, na hakuna aliyemcheka.